Kabla Hujapiga Msumari: Historia Fupi ya Banda la Kuku

Tuseme unao kuku kumi uani. Wanachakura tangu asubuhi, wanakula makombo na mahindi yaliyoparazwa, na usiku wanalala kwenye kibanda cha mabanzi ulichokikuta ulipohamia. Sasa mabanzi yameoza, mvua inaingia, na juzi asubuhi umekuta manyoya yametapakaa na tetea mmoja hayupo. Umeamua kujenga banda jipya. Umeshaingia mtandaoni na umepata ramani nzuri ya Ulaya: sanduku la mbao lenye kuta nzito, kidirisha kimoja na paa la kupendeza. Fundi ameshakutajia bei.

Subiri kidogo. Kabla hujanunua mbao, hebu umjue huyo unayemjengea: ametoka wapi, na amewahi kulala kwenye nyumba za namna gani. Hii siyo hadithi ya kupitisha muda. Karibu kila kipimo utakachompa fundi kina historia nyuma yake, na pale ambapo watu waliisahau historia hiyo, aliyelipa gharama alikuwa kuku.

Ndege wa kulala juu

Kuku wote unaowajua, awe wa kienyeji, wa mayai au wa nyama, wanatokana na kuku-mwitu mwekundu (Gallus gallus) wa misitu ya Asia ya Kusini na Kusini Mashariki. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha jenomu za kuku zaidi ya 800, wa kufugwa na wa porini. Waligundua kwamba ndugu wa karibu zaidi wa kuku wetu ni kundi linaloishi kusini magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Miaka miwili baadaye wanaakiolojia wakapitia upya mifupa ya kuku kutoka maeneo zaidi ya 600 katika nchi 89. Mifupa ya zamani zaidi waliyoikubali kuwa ya kuku wa kufugwa inatoka Ban Non Wat, katikati ya Thailand, na ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 K.K.

Piga hesabu: ni kama miaka 3,500 tu. Mbuzi ana miaka kama 10,000 na binadamu. Kwa hiyo kuku, pamoja na kuzoeleka kote huku, ni mgeni wa karibuni.

Nini kilimleta kijijini? Watafiti hao wanasema ni nafaka. Watu walipoanza kulima mpunga na nafaka nyingine ndogondogo kwenye maeneo ya wazi, punje zilidondoka shambani na kwenye maghala, na ndege wa msituni wakafuata chakula. Yaani mwanzo wa ufugaji wa kuku hauhitaji shujaa aliyeingia porini na mtego. Inatosha kuwa na ndege mwenye njaa na mtu aliyeacha punje chini.

Lakini yule ndege alikuja na tabia yake. Mchana alikaa chini akichakura. Jioni, mwanga ulipoanza kufifia, alipanda mtini. Sababu yake ni rahisi: kuku haoni vizuri gizani, na wanaomwinda usiku wengi hutembea chini. Anayelala chini haamki. Miaka 3,500 haijafuta jambo hilo. Miaka ya 1960 watafiti wa Australia waliwachunguza kuku wa kufugwa walioachwa wajitegemee kwenye kisiwa kimoja nje ya pwani ya Queensland. Ndege wale walirudi kuishi kwa vikundi na kulala juu ya miti. Wala huhitaji kwenda Australia. Acha mlango wa banda umefungwa saa kumi na mbili jioni, uone kama kuku wako hawatakuwa kwenye mwembe.

Kumbuka jambo hili moja, maana mengine yote yanalizunguka: kuku akiingia bandani jioni, anatafuta mti.

Mgeni, panya na kunguru

Amefikaje kwetu? Huko Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, imepatikana mifupa ya kuku ya kati ya karne ya 9 na ya 6 K.K. Kwa pwani ya Afrika Mashariki, ushahidi wa uhakika unaanza takribani karne ya 7 na ya 8 B.K., katika miji ya biashara kama Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Kazi ya kuthibitisha haikuwa nyepesi, kwa sababu mifupa ya kuku inafanana sana na ya kanga na kwale, ndege wetu wa asili. Mwaka 2017 kundi la watafiti lilitumia vinasaba na protini zilizobaki ndani ya mifupa ili kuwatenganisha, na baadhi ya mifupa iliyodhaniwa kuwa ya kuku wa kale zaidi ikaonekana siyo.

Utafiti huohuo ulitoa habari nyingine: panya mweusi wa Asia naye alifika pwani kwenye kipindi hichohicho. Jahazi lililobeba nafaka na biashara lilibeba mgeni pamoja na mwizi wa mayai yake. Karne nyingi baadaye akaja wa tatu. Miaka ya 1890 kunguru wa India aliletwa Zanzibar, ikitarajiwa kwamba atasaidia kula taka za mji. Leo kila anayefuga kuku Dar es Salaam au Mombasa anajua kunguru huyo anawafanya nini vifaranga.

Kutoka pwani yetu kuku alisafiri tena. Lugha ya Kimalagasi, kule Madagaska, asili yake ni visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki, eneo lilelile la dunia alikotoka kuku. Ungetegemea waliovuka bahari waje na kuku wao na jina lake. Kumbe kuku kwa Kimalagasi ni akoho, neno lililotoka katika lugha za Kibantu za upande huu. Liweke karibu na kuku la Kiswahili, ngũkũ la Kikuyu, inkoko la Kinyarwanda, enkoko la Kiganda na inkukhu la Kizulu, undugu utauona. Hata kanga huko wanamwita akanga. Mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba vya kuku wa Madagaska ukaelekeza kulekule: asili yao ni Afrika Mashariki.

Wazee wetu walimchunguza mgeni huyu vizuri. Unaujua usemi kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tunautumia kwa watu, lakini umetokana na kazi halisi ya uani. Kuku aliyenunuliwa leo hajui kwamba hapa ni kwao. Ukimwachia, jioni atapotea akitafuta alikozoea kulala. Unamfunga kamba siku chache, anakula hapo, analala hapo, halafu unamfungua. Ukimaliza banda jipya fanya vivyo hivyo, ila bila kamba: wafungie ndani siku nne au tano, uwape maji na chakula humohumo. Ukiwafungulia, jioni watarudi wenyewe.

Mrumi na moshi wa jikoni

Katika nyumba nyingi za vijijini kuku hulala jikoni. Wapo wanaoona aibu kulisema hili, kana kwamba ni dalili ya kukosa maendeleo. Basi sikiliza. Katika karne ya kwanza B.K. mwandishi wa Kirumi aitwaye Columella aliandika vitabu 12 kuhusu kilimo, na katika cha nane akaeleza namna ya kujenga nyumba ya kuku. Alishauri ipakane na tanuri au jiko, ili moshi uwafikie ndege, kwa kuwa aliona unawafaa. Alitaka pia pawe na mahali pakavu penye vumbi na majivu, kuku wapate kujigaragaza.

Hilo la vumbi na majivu sayansi inalikubali. Kuku haogi maji, anaoga vumbi. Chembechembe laini zinapenya kati ya manyoya, zinanyonya mafuta yaliyozidi na kuwasumbua chawa na utitiri. Kuku asiye na mahali pa kuoga vumbi utamwona akijigaragaza hata kwenye sakafu tupu; hamu yenyewe ipo hata kama vumbi halipo. Moshi ni jambo jingine. Unaweza kufukuza wadudu, lakini mapafu ya kuku ni dhaifu, na kinyesi chake jikoni kinaweza kuwa na vimelea vya magonjwa ya binadamu, hasa kwa watoto wanaotambaa. Kwa hiyo chukua majivu kwa Columella, moshi umwachie.

Kuna jambo lake jingine ambalo hutakiwi kulichukua kabisa. Alitaka nyumba ya kuku ielekee upande linakochomoza jua la kipupwe, yaani kusini mashariki. Kwake lilikuwa sahihi: Italia ina baridi, na jua la asubuhi ni zawadi. Ramani uliyoitoa mtandaoni inafuata fikra ileile, ndiyo maana kuta zake ni nzito na dirisha dogo. Lakini wewe uko Tabata au Kisauni. Kuku hana jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na likipanda njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema mdomo wazi. Ukimfungia kwenye sanduku la mbao chini ya bati mwezi wa Februari, umempika akiwa hai. Hapa kwetu kwenye joto, upande mrefu wa banda unyooshwe mashariki–magharibi, jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu, na sehemu ya juu ya kuta ndefu iwe wavu. Kama uko Njombe au Limuru, basi msikilize Mrumi kidogo: ziba upande unaotoka upepo wa baridi.

Alipokosea anayehesabu vifaranga

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 kuku wa karibu kila mahali duniani walikuwa wa uani kama wako. Kuwafungia ndani mwaka mzima hakukuwezekana. Wasiopata jua miguu ililegea kwa kukosa kile ambacho leo tunakiita vitamini D. Miaka ya 1920 vitamini hiyo ilijulikana, na wafugaji wakaanza kutia mafuta ya ini la samaki kwenye chakula. Ghafla banda halikuhitaji jua tena.

Wakati huohuo, mwaka 1923, mama mmoja wa Delaware, Marekani, aitwaye Cecile Steele, aliagiza vifaranga 50 vya kumpatia matetea wa mayai. Kwa makosa akaletewa 500. Hakuvirudisha. Alivilea, akauza kuku kwa ajili ya nyama, akapata faida, na mwaka uliofuata akaagiza vingi zaidi. Kufikia 1926 alikuwa na jengo la kuku 10,000. Banda lake la kwanza limehifadhiwa hadi leo kama kumbukumbu ya kuanza kwa biashara ya kuku wa nyama.

Tuseme ukweli: njia hiyo ilishusha bei. Yai na nyama ya kuku, vyakula vya sikukuu, vikawa vya kila wiki kwa watu wengi. Lakini hesabu ilipoendelea kubana, katikati ya karne hiyo kuku wa mayai wakawekwa kwenye vizimba vya waya vilivyopangwa kwa ghorofa. Kizimba hakina fito, hakina kiota, hakina vumbi. Hata baada ya sheria za Ulaya kuongeza nafasi, kuku mmoja alipewa sentimita za mraba 550. Karatasi ya A4 ina kama 624. Huyo ndiye ndege aliyezoea kupanda mtini jioni.

Mwaka 1964 Mwingereza Ruth Harrison alichapisha kitabu, Animal Machines, kilichoeleza mabanda haya yalivyo ndani. Kelele zikawa kubwa, serikali ikaunda kamati, na ripoti yake ya 1965 ikasema mnyama wa kufugwa angalau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Ilichukua miaka mingine. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria, na tarehe 1 Januari 2012 vizimba vitupu vikapigwa marufuku. Sasa angalia sheria hiyo inadai nini kwa kuku wasiofugwa vizimbani: fito za kulalia, angalau sentimita 15 kwa kila kuku, kiota kimoja kwa kuku wasiozidi saba, sehemu yenye matandazo ya kuchakura, na kuku wasiozidi tisa kwa mita ya mraba.

Fito, mahali pa siri pa kutagia, udongo wa kuchakura. Ni msitu ule wa Asia, umepimwa kwa rula na kuandikwa kwa lugha ya wanasheria. Na wakati Ulaya inaviondoa, vizimba vya waya vinauzwa mijini kwetu kwa jina la ufugaji wa kisasa. Ukivutiwa navyo, nunua ukijua historia yake.

Sasa chukua penseli

Kwa kuku kumi, banda la mita 2 kwa mita 1.5 linatosha kama mchana wanatoka nje. Vitu vya kumwambia fundi ni hivi.

Kwanza fito, kwa sababu ndizo mti wenyewe. Kuku kumi kwa sentimita 20 kila mmoja ni mita 2: ufito mmoja wa urefu wa banda. Uwe mnene kama sentimita nne au tano, kingo zake zilainishwe, na ukae juu, kiunoni kwako au karibu na hapo. Ukitaka fito mbili, ziwe kimo kimoja. Ukiziweka kama ngazi, kila jioni watagombania ya juu.

Ugomvi huo nao una historia. Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway alikuwa mtoto aliyependa kukaa na kuku na kuandika nani anamdonoa nani. Mwaka 1922, akiwa mtu mzima, alichapisha matokeo yake: kila kundi lina mpangilio wa ukubwa, na kila kuku anajua nafasi yake. Ukileta kuku mpya, mpangilio unaanza upya kwa midomo. Kwa hiyo gawa kona ya banda kwa wavu, wageni wakae humo siku kadhaa wakionana na wenyeji bila kugusana. Na lete wawili au watatu, usilete mmoja peke yake.

Pili viota. Viwili vinatosha, kila kimoja sentimita 30 kila upande, mahali penye giza, na chini kuliko fito. Vikiwa juu zaidi watalala humo, na mayai utayaokota yamechafuka.

Tatu sakafu na wavu. Inua banda angalau nusu mita kutoka ardhini na viringisha bati kwenye kila mguu ili panya ateleze. Wavu wa kawaida wa kuku unamzuia kuku kutoka, lakini haumzuii panya, nyoka wala nguchiro kuingia. Tafuta wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi. Kwa ajili ya kunguru na mwewe, vifaranga wawe na uzio uliofunikwa juu. Sakafuni weka maranda au pumba za mpunga, na zikilowa zitoe: unyevu ndio unaowapa bakteria nafasi ya kugeuza kinyesi kuwa amonia. Ukiinama bandani asubuhi ukasikia harufu inakuchoma pua, kuku wameivuta usiku kucha.

Nne, mdondo. Ugonjwa huu ulielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Ukiingia uani unaweza kumaliza kuku wote ndani ya siku chache, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo akiba ya mama: ada ya shule, dawa, nauli ya dharura. Ipo chanjo ya I-2, iliyotayarishwa Australia kwa ajili ya mazingira yasiyo na majokofu ya uhakika. Ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Shida huwa ni kuwakamata. Mchana utawakimbiza mtaa mzima, lakini usiku, wakiwa wamejipanga juu ya ufito, unawachukua mmojammoja kama unachuma maembe.

Rudi sasa kwenye ile ramani ya mtandaoni. Paa lake libakize, ni zuri. Kuta zitoboe, weka wavu. Pesa iliyookolewa kwenye mbao nunulia fito, bati la miguu na chanjo.

Siku watakayoanza kulala humo, ngoja giza liingie, chukua tochi, uende ukahesabu. Wakiwa wote kumi juu ya ufito, vifua vimefunika vidole, fundi amemaliza kazi. Ukikuta wengine wamerundikana sakafuni kwenye kona, usiwalaumu. Angalia ufito: labda uko chini mno, labda ni mwembamba, labda ni mfupi. Rekebisha kesho yake, kabla nguchiro hajarudi.